Jinsi ya kuchagua masomo ya Biblia kwa watoto wadogo wanaofundishwa nyumbani

Masomo ya Biblia ya watoto yamejaa tele. Kuna vijitabu vya kupaka rangi, mitaala ya mwaka mzima, kadi za mistari, katuni, programu za simu, na karatasi za bure za kuchapa ambazo hazina mwisho. Mzazi anayefundisha nyumbani anaweza kutumia jioni nzima akichagua, na kesho yake asiwe na cha kufundisha.

Mwongozo huu ni wa wenye watoto wa miaka 3 hadi 7 hivi, wale ambao bado hawajui kusoma au ndio kwanza wanaunganisha silabi. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa umri huu, somo lipime kwa namna linavyoitendea hadithi. Somo linalosimulia vizuri kisha likanyamaza ni bora kuliko lile linalosimulia nusu na kuhubiri nusu. Mahubiri mtoto atayasikia sana maishani. Hadithi akizikosa sasa, baadaye atazipata vipande vipande, tena zikiwa zimeshafasiriwa na wengine.

Hatua ya 1: Andika unachotaka mtoto awe nacho akifika miaka 7

Fanya hivi kabla ya kufungua mtaala wowote, na kama mnalea wawili, andikeni pamoja. "Aijue Biblia" ni lengo pana mno, halikusaidii kuchagua. Andika mambo unayoweza kuyaona: aweze kusimulia kwa maneno yake hadithi ishirini hivi; ajue Nuhu alitangulia Musa na Musa akamtangulia Daudi; awe na Sala ya Bwana na Zaburi ya 23 moyoni; na asiogope kuuliza swali lolote.

Hadithi ishirini zinatosha kabisa. Mitaala mingi hujigamba kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, hadithi mpya kila wiki, na hapo ndipo inapokosea. Mtoto wa miaka 4 anaitaka ileile ya jana, na ukiruka neno anakurekebisha. Mtaala usioacha nafasi ya kurudia umemlenga mzazi anayenunua kuliko mtoto anayesikiliza. Ukiupenda kwa sababu nyingine, uchukue, lakini utandaze wa mwaka mmoja uwe wa miaka miwili au mitatu. Hakuna atakayekukagua.

Hatua ya 2: Jua somo limetoka kanisa gani

Karibu kila mtaala una ukurasa unaoeleza waandishi wanaamini nini. Usome kwanza, kabla ya picha nzuri hazijakuteka. Tofauti za madhehebu hujitokeza hata katika masomo ya watoto wa miaka 5, tena mahali usipotegemea.

Chukua Amri Kumi. Wakatoliki na Walutheri huhesabu "Waheshimu baba yako na mama yako" kuwa amri ya nne. Waanglikana, Waorthodoksi na wenye mapokeo ya Kalvini huihesabu kuwa ya tano. Wimbo wa kuhesabu amri kwa vidole ukitoka upande mmoja na katekisimu ya kanisani ikitoka upande mwingine, mtoto atachanganyikiwa, na atakuja kukuuliza wewe. Ndivyo ilivyo pia kwa wimbo wa vitabu vya Biblia: Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66, ya Kikatoliki ina 73. Masomo ya Waadventista yataitaja Jumamosi panapohusu Sabato. Masomo ya kanisa linalobatiza watu wazima tu hayataieleza hadithi ya ubatizo kama unavyoieleza wewe uliyembatiza mwanao akiwa mchanga.

Si lazima ukatae kila kisicho cha kanisa lenu. Hadithi ya Yona ni ya wote. Jua tu utakapokutana na tofauti, ili usiipitie ukiwa katikati ya kusoma kwa sauti na mtoto anakutazama usoni.

Hatua ya 3: Fungua Biblia kando ya somo

Hii ndiyo hatua inayookoa muda na pesa, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Chagua somo moja katika mtaala unaoufikiria. Soma kwanza sura yenyewe katika Biblia, polepole. Kisha soma somo. Jiulize: wameongeza nini, wamepunguza nini, na wameacha nani awe mkuu wa hadithi?

Tuchukue mikate mitano na samaki wawili, kwa sababu hakuna mtaala wa watoto usiokuwa nayo. Fungua Yohana 6. Anayesema ni Andrea: kuna mtoto hapa ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, lakini vitafaa nini kwa watu wengi hivi? Basi. Mtoto hana jina, hasemi neno, na hatuambiwi alitoa kwa moyo gani. Mathayo, Marko na Luka hawamtaji kabisa. Sasa fungua somo. Mara nyingi utakuta mtoto huyo amepewa jina, amepewa mama aliyemfungia chakula, amepewa hotuba ya ukarimu, na mwishoni kuna swali: "Je, wewe unagawana vitu vyako na wengine?" Watu elfu tano wamekula wakashiba, vikapu kumi na viwili vya mabaki vimejaa, na mwanao anabaki kuambiwa amwachie dada yake kipande cha mkate.

Kugawana ni kuzuri. Lakini hadithi ile inamhusu Yesu, na somo limempeleka pembeni. Mtaala ukifanya hivi mara moja, samehe. Ukifanya hivi katika masomo matatu uliyoyafungua bila kuchagua, urudishe ulipoutoa. Utakuta ndivyo ulivyo wote: Daudi anakuwa somo la ujasiri, Danieli somo la kula mboga, Yona somo la kutii wazazi.

Picha nazo zipime hivyohivyo. Danieli aliletwa Babeli akiwa kijana, enzi za Nebukadreza. Anapotupwa katika tundu la simba ni enzi za Dario, na Babeli imeshaanguka, kwa hiyo ni mzee kabisa. Vitabu vingi humchora kijana mwenye mashavu ya mviringo. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa wangapi, bali anataja zawadi tatu, nao wanamkuta mtoto ndani ya nyumba, si horini. Aliyemmeza Yona ni samaki mkubwa, na Mwanzo haisemi tunda lilikuwa la aina gani. Haya ni madogo, sikushauri utupe kitabu kwa sababu yake. Ila picha zinaonyesha kama mchoraji alifungua Biblia au alichora alichozoea kukiona. Na zina raha yake: mtoto wa miaka 6 anafurahi mno kugundua kwamba kitabu kimekosea.

Kuna kosa moja nisilolivumilia: somo linalotumia Mungu kumtisha mtoto ili atulie. Ukiona sentensi kama "Mungu hapendi watoto watukutu", funga kitabu hapohapo. Marko 10 inasimulia kwamba wanafunzi ndio waliowazuia watoto, na Yesu akawakasirikia wanafunzi.

Hatua ya 4: Panga hadithi zipi zianze na zipi zingoje

Usimwachie mtunga mtaala kazi hii. Yeye hamjui mtoto wako, hajui kwamba anaogopa giza au kwamba babu yake amefariki mwezi uliopita.

Kwa miaka 3 na 4, tafuta hadithi zenye mambo ya kushika na kuona, zenye watu wachache na tukio moja: uumbaji, Musa ndani ya kisafina kati ya majani ya mto, Eliya akiletewa chakula na kunguru, kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia, Zakayo juu ya mkuyu, Bartimayo akipaza sauti kando ya njia, dhoruba ikitulizwa. Katika hii ya mwisho Marko ametia jambo dogo ambalo watoto hulikamata mara moja: Yesu alikuwa amelala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto. Somo lililoliacha hilo limeacha kilicho bora.

Mtoto wa miaka 5 anaweza kubeba hadithi yenye zamu na marudio. Samweli hekaluni, katika 1 Samweli 3, ni mfano mzuri sana. Mara tatu anaamka na kumkimbilia Eli, mara tatu anarudishwa kulala, mara ya nne anajibu, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Mtoto ataigiza sehemu zote mbili, na atataka wewe uwe Eli, mzee anayesinzia. Tangulia na sura ya pili, ambamo Hana anamshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Hapo mtoto ataelewa kwamba Samweli alikuwa na mama anayemkumbuka. Ujumbe ambao Samweli alipewa usiku ule, wa hukumu juu ya nyumba ya Eli, unaweza kungoja, na kuishia mstari wa 10 si kudanganya.

Miaka 6 na 7, mpe hadithi ndefu zenye kona: Yusufu na ndugu zake kwa awamu kadhaa, Ruthu, Naamani na yule kijakazi mdogo aliyejua nabii yuko wapi wakati wakubwa hawajui, Esta, mwana mpotevu pamoja na kaka yake aliyekasirika nje. Na Yona mzima, sura zote nne. Masomo mengi humwacha Yona ufukweni, au Ninawi inapotubu. Sura ya nne ndiyo inayochekesha: nabii amenuna kwa sababu watu wamesamehewa, mtango unaota, funza anautafuna, na kitabu kinaisha na swali la Mungu kuhusu watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Wanyama! Hakuna mtoto asiyelipenda swali hilo.

Za kungoja ni hizi: Ibrahimu kumfunga Isaka, Sodoma, binti Yeftha, vijana na dubu katika 2 Wafalme 2, mwisho wa kitabu cha Waamuzi, Anania na Safira, na sehemu kubwa ya Ufunuo. Zingine huingia kwenye vitabu vya watoto kwa sababu tu zina mtoto ndani yake au wanyama ndani yake. Isaka ni hatari zaidi ya zote, maana mtoto wa miaka 5 hajiweki mahali pa Ibrahimu. Anajiweka mahali pa Isaka, kisha anamwangalia baba yake.

Mbili zinahitaji maneno zaidi. Ya kwanza ni Nuhu. Tumeizoea kama hadithi ya twiga wanaochungulia dirishani, lakini ni habari ya gharika, na siku moja mtoto atauliza wale wengine walienda wapi. Usimpe somo linalofanya kana kwamba hakuna aliyekufa, wala lile linalowachora wakizama. Linalosema kwa sentensi moja kwamba watu walikuwa wameijaza dunia ukatili, maji yakaja, na waliokuwa safinani wakaokoka, hilo linatosha. Mtoto akiuliza, umjibu kweli na kwa ufupi. Ya pili ni msalaba. Usiahirishe hadi akue, lakini msalaba na ufufuo visimuliwe kikao kimoja. Mtaala unaosimulia kifo wiki hii na kaburi tupu wiki ijayo unamlaza mtoto siku saba na hadithi ambayo haijaisha. Unganisha mwenyewe. Misumari na damu usieleze kwa urefu. Injili zenyewe hazifanyi hivyo.

Hatua ya 5: Soma maswali yaliyo mwishoni mwa somo

Hapa utamjua mwandishi. Maswali yakiwa yote ni "Tunajifunza nini?", mtoto atajua upesi kwamba majibu yapo matatu tu: tutii, tuombe, na Yesu. Atayajibu bila kusikiliza hadithi, nawe utadhani ameelewa.

Tafuta somo lenye maswali ya aina mbili. Kwanza ya tukio: nani alikuwa chomboni, upepo ulifanya nini, kisha? Haya yanamsaidia kushika mfuatano. Halafu yale yasiyo na jibu moja: ungekuwa chomboni ungefanya nini? Unadhani Zakayo aliwaambia nini wa nyumbani kwake watu walipoondoka? Binti Yairo alipoamka, Yesu aliagiza apewe chakula; kwa nini? Kama somo ni zuri lakini maswali ni mabovu, yafute kwa kalamu, andika yako mawili. Mawili yanatosha. Na mtoto akinyamaza, mwache anyamaze.

Hatua ya 6: Amua tafsiri moja kwa mistari ya kukariri

Masomo uliyoyakusanya huku na kule yatakuwa na mistari kutoka tafsiri tofauti, na mtoto anayekariri hawezi kushika mstari mmoja kwa namna mbili. Union Version, Biblia kamili yake iliyotoka mwaka 1952, ina Kiswahili cha mdundo na ndiyo ambayo watu wengi wanayo moyoni. Habari Njema ni nyepesi zaidi kueleweka. Ushauri wangu: kariri kwa ile inayosomwa kanisani kwenu, simulia kwa nyepesi. Akisikia Jumapili mstari anaoujua, utaona anavyogeuka kukutazama.

Anza na mifupi. "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", Zaburi 56:3, unaofaa sana kwa anayeogopa usiku. Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu, kwa hiyo mtoto wa miaka 6 anaweza kujisifu kwamba anajua sura nzima, na atakuwa anasema kweli. Mtaala unaodai mstari mpya kila wiki, upunguze uwe mmoja kwa mwezi.

Hatua ya 7: Kazi za mikono, nyimbo na katuni

Kazi nyingi za mikono ni kazi za mzazi: kukata, kubandika, kuchapa, kutafuta gundi. Kama maandalizi ni marefu kuliko somo, achana nayo. Karatasi tupu na penseli za rangi, pamoja na agizo "chora ulichokisikia", humwonyesha mzazi mengi kuliko kondoo wa pamba thelathini wanaofanana. Angalia pia kama masomo yaliandikwa kwa darasa la kanisani. Michezo inayotaka timu mbili haifai sebuleni kwenye watoto wawili, mmoja akiwa bado anatambaa.

Nyimbo, ndiyo, nyingi kadiri mnavyoweza, mradi maneno yake yamo katika hadithi. Katuni zije baada ya kusimulia, zisitangulie. Mtoto akishamwona Musa kwenye skrini, hatamchora tena mwingine kichwani.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kununua

Omba masomo ya mfano, au azima kijitabu kwa mwalimu wa watoto kanisani. Fundisha hadithi moja kwa wiki nzima, dakika tano hadi kumi kwa siku, saa ileile: siku ya kwanza simulia, ya pili simulia tena, ya tatu mwigize, ya nne achore, ya tano yeye akusimulie. Kwa watoto wa umri tofauti tumia hadithi hiyohiyo. Mdogo atashika kunguru, mkubwa atauliza kwa nini hapakuwa na mvua. Hakuna haja ya mitaala miwili.

Baada ya hapo angalia michezo yake zaidi ya majibu yake. Akiwa amewapanga wanasesere ndani ya beseni na kuwaambia dhoruba inakuja, somo limeingia. Akikwepa, akiuliza litaisha lini, punguza urefu kwanza kabla hujalaumu mtaala. Akianza kuota ndoto mbaya au kuogopa kuadhibiwa na Mungu, rudi hatua ya 3 na usome tena ulichomsomea.

Akishaanza kusoma mwenyewe, weka mtaala kando na umpe Injili ya Marko, ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16, na matukio yake yanakwenda mbio. Asome yeye mistari mitatu, usome wewe inayobaki. Zile hadithi ishirini atazikuta nyingine humo, na safari hii ndiye atakayekuonyesha ziko wapi.